Busanza: Ufito Mdogo Kati ya Vilima Vingi

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu ulizaliwa pwani, kwenye majahazi na mashua, lakini unafaa vilevile katika nchi ya milima isiyo na bahari. Mtu asimamaye kando ya barabara huko Busanza, akaliona gari la kazi likipita na ufito mwembamba ukitikisika juu ya paa lake, huuona ufito tu. Aghalabu hafikirii kwamba uhai wa mgonjwa, usalama wa askari na utulivu wa familia zinazongoja nyumbani vyaweza kuutegemea ufito huo, na zaidi ya yote, kutegemea mahali ulipofungwa.

Busanza i katika eneo la Kanombe, Wilaya ya Kicukiro, Jijini Kigali. Hapo Kanombe ndipo ulipo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kigali, uliojengwa kwenye kimo cha mita 1,490 hivi juu ya usawa wa bahari. Ipo pia kambi ya jeshi, na ipo hospitali ya rufaa ya jeshi ambayo huwatibu askari na raia pamoja. Katika miaka ya karibuni Busanza imejulikana zaidi kwa maghorofa yaliyojengwa kuwapokea wakazi waliohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro, katika mtaa wa Nyarutarama, zoezi ambalo lilikamilika mwaka 2022. Hivyo basi, mgeni akifika huko huona mambo mawili kwa pamoja: nyumba mpya zenye nguo zilizoanikwa na watoto wanaocheza, na ndege zipaazo na kutua karibu na hapo, huku barabarani magari ya kila namna yakipishana.

Jina la Kanombe halitajwi bila ya kukumbuka usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana ilipotunguliwa ikikaribia kutua. Baada ya hapo yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika siku hizo za giza kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza mwaka 1993, kilitumika kuchochea mauaji. Ni somo kwetu sote kwamba mawimbi ya redio hayachagui wema wala uovu; hubeba neno lolote la mwenye kukishika kinasa sauti. Ndiyo maana kazi ya kuyatumia kwa ajili ya kuokoa watu yafaa ifanywe kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu huo huanzia kwa fundi aliyeshika spana.

Nchi ya vilima na adui asiyeonekana

Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu. Kwa macho ya msafiri vilima hivyo ni uzuri mtupu: mashamba ya migomba, matuta ya kuzuia mmomonyoko, na ukungu wa asubuhi uliolala mabondeni. Kwa simu ya upepo ya gari, hata hivyo, kila kilima ni ukuta.

Simu nyingi za magari ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto hutumia masafa ambayo mafundi huyaita VHF. Mawimbi ya masafa hayo huenda karibu sawa na mwanga: hunyooka, wala hayapendi kupinda. Antena iliyo mita 2 kutoka ardhini, juu ya nchi tambarare, huweza kufikia upeo wa kilomita 6 hivi. Antena hiyohiyo ikipandishwa mahali palipoinuka mita 100 juu ya nchi iliyo chini yake, upeo wake hufika kilomita 41 hivi. Kwa hiyo gari likiwa juu ya mgongo wa kilima huongea na watu wa mbali. Likishuka bondeni, dakika chache tu baadaye, huweza kuwa bubu ingawa mitambo yake haina ila.

Kwa sababu hiyo hujengwa vituo vya kupokea na kurudisha sauti juu ya vilele. Mtu akiangalia Jiji la Kigali huviona vilele kama Mlima Kigali, wenye kimo cha mita 1,850 hivi, na Jali, akafahamu mara moja kwa nini minara hupendelea mahali pa namna hiyo. Lakini kituo cha kilele hakiwezi kuirudisha sauti ambayo hakikuisikia. Gari lisipoifikisha sauti yake mpaka kileleni, mnara haulifai kitu.

Kigali yenyewe imewahi kuwa makao ya antena kubwa sana. Katika kilima cha Kinyinya, kuanzia mwaka 1965 hadi Machi 2015, Sauti ya Ujerumani ilikuwa na kituo chake cha kurushia matangazo ya masafa mafupi. Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka Idhaa yake ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1963. Mitambo ya Kinyinya ilikuwa na nguvu ya kilowati 250 kila mmoja. Simu ya VHF ya gari huwa na wati 25 hivi, yaani sehemu moja katika elfu kumi ya nguvu ya mtambo mmoja wa Kinyinya. Mwenye nguvu nyingi aweza kupoteza kidogo asijali. Mwenye wati 25 hana cha kupoteza, na kila kosa katika kufunga antena humla katika akiba yake ndogo.

Mahali pa kufunga

Swali la kwanza la fundi, basi, lisiwe: antena gani? Liwe: mahali gani?

Urefu wa ufito hutokana na masafa yanayotumika. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 75 kwa idadi ya megahezi, nawe utapata urefu kwa mita. Kwa megahezi 150, ufito ni nusu mita. Kwa megahezi 450, ni sentimita 17 hivi tu. Lakini ufito huo ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake, ambalo hufanya kazi kama kioo kinachoyarudisha mawimbi. Ufito usio na bati chini yake ni kama mtu anayepiga kofi kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo mahali bora kwa ufito wa VHF ni katikati ya paa la chuma. Hapo ndipo palipo juu kuliko pote, na bati limeuzunguka ufito kwa usawa pande zote, hata sauti ikatoka sawasawa mbele, nyuma, kulia na kushoto. Ufito ukifungwa kwenye pembe ya gari, mawimbi hutoka kwa nguvu zaidi kuelekea upande ambako bati ni refu. Antena iliyo pembe ya nyuma kushoto, mathalani, husikika vizuri zaidi mbele kulia. Dereva wa gari la namna hiyo huweza kuona ajabu kwamba anasikika akielekea kituoni, na akigeuza gari sauti hufifia. Si ajabu, ni mahali pa ufito.

Madigadi ya mbele ni mahali pa pili, na majeshi mengi yamepatumia kwa sababu magari yao huwa na paa la turubai lisilofaa kubeba antena. Land Rover za jeshi la Uingereza zilizoandaliwa kwa ajili ya redio zilikuwa na umeme wa volti 24 na visanduku vya antena juu ya madigadi. Bampa la mbele ni mahali pa tatu. Hapo pana nguvu ya kubeba ufito mrefu na mzito wenye springi chini yake, lakini kwa VHF pako chini mno, na boneti pamoja na kioo cha mbele husimama njiani.

Keria ya juu ya paa nayo yataka tahadhari. Gari la safari hubeba juu yake gurudumu la akiba, madebe ya mafuta, magodoro na mahema. Ufito mfupi uliofungwa katikati ya mizigo ya chuma umefichwa kama mtoto katikati ya umati wa watu wazima. Yafaa ufungwe mbele ya keria, juu ya paa lenyewe, au uinuliwe juu ya keria kwa kipande cha bati kipana kilichounganishwa vema na mwili wa gari.

Wako wanaopenda antena yenye kitako cha sumaku, kwa kuwa haihitaji kulitoboa gari. Hiyo yafaa kwa kazi ya siku mbili tatu katika barabara ya lami. Katika njia za mawe huteleza, hukwaruza rangi, na tawi la mti huiangusha. Aidha, Land Rover za zamani, tangu zile za kwanza za mwaka 1948, zina mwili wa alumini, na sumaku haishiki alumini hata kidogo. Mwenye Toyota Land Cruiser ya paa la chuma ataishikisha. Mwenye Land Rover kuukuu itamwangukia mikononi.

Tundu, waya na maji ya mvua

Antena ya kudumu yataka tundu. Wenye magari wengi huogopa keekee kuliko wanavyoogopa ajali, lakini tundu lililotobolewa kwa akili haliharibu gari. Kwanza fundi hushusha kitambaa cha ndani ya paa na kuhakikisha kwamba hapana waya wala mbavu ya chuma. Kisha hutoboa, hulainisha kingo, na chini ya kitako hukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikutane na chuma. Juu huweka duara la mpira la kuzuia maji. Rangi ikiachwa, antena haikupata ile nusu yake ya pili. Mpira ukisahauliwa, mvua za Machi hadi Mei zitaingia na kutu itafuata. Penye alumini fundi huongeza grisi, kwa maana chuma na shaba vikigusana na alumini mahali penye unyevu huilia polepole.

Waya wa kutoka kwenye redio hadi kwenye antena si waya wa kawaida. Una uzi wa shaba katikati na wavu wa shaba unaouzunguka. Ukiwa ule mwembamba wa kawaida wenye urefu wa mita 5, yapata sehemu moja katika tano ya nguvu hupotea njiani katika VHF. Kwa hiyo usiviringwe bure nyuma ya kiti. Ukatwe kwa kipimo. Usibanwe na mlango wala kupindwa kwa ukali, na maji yakisha kuingia ndani ya wavu hakuna dawa ila kuutupa.

Baada ya hayo hutumika kipimo cha mawimbi yanayorudi. Kikionyesha moja na nusu kwa moja, nguvu inayorudi ni kama 4 katika mia, nayo si neno. Kikionyesha tatu kwa moja, robo nzima ya nguvu hurudi badala ya kwenda hewani, na mtambo wenyewe huweza kuungua. Gari lisitolewe kazini kwa kudhani. Litolewe kwa kupimwa.

Umeme wa redio utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka usiwashe moto. Redio ya VHF ya wati 25 huvuta ampea 5 au 6 inapotuma. Ile ya masafa mafupi yenye wati 100 huvuta kama ampea 20. Kabla ya yote fundi aulize kama gari ni la volti 12 au 24. Wapo waliounguza mtambo mzima kwa kutouliza swali hilo moja.

Ufito unaoinama

Tumesema kwamba kilima ni ukuta. Je, gari lililo bondeni, mbali na kituo chochote cha kileleni, halina njia? Njia ipo, nayo ni ya juu.

Masafa mafupi, yaani HF, yana tabia ambayo VHF haina. Mawimbi yake yakirushwa juu hufika kwenye tabaka la angani lenye chembe za umeme, lililo kati ya kilomita 200 na 400 kutoka ardhini, kisha hurudi chini. Ni kama mtu aelekezaye mpira wa maji juu moja kwa moja: maji humrudia na kutapakaa pande zote. Sauti ikirudi kwa namna hiyo huanguka mabondeni na vileleni bila ya kuulizana na vilima, na huenea kilomita mia tatu au zaidi kutoka penye gari. Rwanda nzima ina eneo la kilomita za mraba 26,338 tu. Gari moja lililofungwa antena hiyo vizuri huweza kusikika karibu kila pembe yake.

Siri yake ni kuinama. Ufito wa HF ukisimama wima hupeleka mawimbi mbali, pembeni, na hauleti mengi juu. Ukiinamishwa nyuma juu ya gari na kufungwa kwa kamba isiyopitisha umeme, hurusha juu zaidi. Waliojua hivyo katika Vita Kuu ya Pili waliinamisha fito za magari yao, na hadi leo ni desturi ya majeshi mengi. Mchana hutumika masafa ya megahezi 5 hadi 8 hivi. Usiku hushushwa hadi 2 au 4, maana tabaka lile la angani hubadilika jua likizama.

Ufito wa robo kamili kwa megahezi 7 ungekuwa karibu mita 11, jambo lisilowezekana barabarani. Kwa hiyo hutumika ufito wa mita 2 au 3 wenye koili ya waya, ambayo huudanganya mtambo uone kana kwamba ufito ni mrefu. Udanganyifu huo una gharama, kwani nguvu nyingi huishia katika joto. Ndiyo sababu kitako chake lazima kiunganishwe na mwili wa gari kwa mkanda mpana na mfupi wa shaba. Magari mengi ya mashirika ya misaada yaliyofanya kazi katika nchi za Maziwa Makuu yalibeba ufito huo kwenye bampa la mbele, na watu wengi walizoea kuyatambua kwa huo.

Nani anangoja?

Msomaji atauliza: simu za mkononi zimeenea kila mahali, ya nini taabu yote hii? Jibu tulipewa usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilipoleta mafuriko na maporomoko ya ardhi, hasa katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda, wakafariki watu zaidi ya 130. Katika msiba wa namna hiyo barabara hukatika na nguzo za umeme huanguka, na mnara wa simu usio na umeme huzimika. Redio ya gari hubeba betri yake yenyewe. Zaidi ya hayo, simu ya mkononi huongea na mtu mmoja. Simu ya upepo husikiwa na wote walio katika masafa hayo kwa neno moja.

Fikiri gari la wagonjwa linalopanda kuelekea hospitali ya Kanombe na mama aliyepungukiwa damu. Dereva akisikika akiwa bado bondeni, damu huandaliwa na daktari husimama mlangoni. Asiposikika, maandalizi huanza gari lilipokwisha kufika. Tofauti ya dakika ishirini yaweza kutokana na duara la rangi ambalo fundi hakulikwangua.

Nazo familia za askari zinajua maana ya kungoja. Kutoka Kigali, Agosti 2004, waliondoka askari 154 wa Rwanda kwenda Darfur, na tangu wakati huo wengi wamewafuata katika kazi za kulinda amani. Mke, mume au mzazi aliyebaki nyumbani haoni doria wala barabara. Hutumaini tu kwamba gari lile lina sauti.

Kwa hiyo yafaa nasi wa nyumbani tutimize wajibu wetu. Gari likiegeshwa mtaani, watoto wasifundishwe kuuvuta ufito wala kuupindisha, na kanga isianikwe juu yake. Mtu asiushike ufito redio inapotuma, kwani ncha ya ufito wa HF huunguza. Gari lenye ufito mrefu lisisimamishwe chini ya nyaya za umeme. Radi ikiwa karibu, mazungumzo yasitishwe, kinasa sauti kiachwe, na watu wakae ndani ya gari la chuma lililofungwa. Na asiye na kibali asifunge wala asitumie mtambo wa kurushia sauti; kila nchi ina mamlaka yake ya kugawa masafa, na kuyaingilia masafa ya polisi au ya ndege, hasa mahali palipo jirani na uwanja kama Busanza, ni hatari kwa maisha ya watu.

Kila Jumamosi dereva na autazame ufito wake kama anavyotazama maji na mafuta: nati imekaza, mpira haujapasuka, waya haujachubuka, na sauti inasikika kituoni. Ni kazi ya dakika tano. Atakayeifanya huenda asishukuriwe na mtu, kwa kuwa sauti inayofika haimshangazi yeyote. Lakini nyumbani watalala.